Picha ya Bibi Jane Grey

Wasikilizaji, fikirini chumba chenye giza. Katikati yumo msichana aliyevaa nguo nyeupe ya hariri, macho yake yamefungwa kwa kitambaa. Amepiga magoti juu ya takia, naye anapapasa kwa mkono kulitafuta gogo atakalolaza shingo yake. Mzee mmoja amemwinamia na kumwongoza taratibu, kama mtu amwongozavyo kipofu. Upande wa kulia amesimama mwenye shoka. Kushoto wamo wajakazi wawili: mmoja ameishiwa na nguvu, wa pili ameugeuzia ukuta uso wake. Chini yametandazwa majani makavu, nanyi mtajua ni ya kunyonya kitu gani.

Msichana huyo ni Bibi Jane Grey. Mwezi wa Julai 1553 wakubwa wa Uingereza walimtangaza kuwa malkia kwa ajili ya faida yao wenyewe, akakaa siku tisa tu. Tarehe 12 Februari 1554 alikatwa kichwa katika Ngome ya London, umri wake haujatimia miaka 18.

Lakini aliyeichora picha hiyo alikuwa Mfaransa, Paul Delaroche, aliyezaliwa mwaka wa 1797. Aliionyesha Paris mwaka wa 1834, na watu wakajaa kuitazama. Je, Wafaransa walikuwa na nini na binti wa Kiingereza aliyekufa zamani hivyo? Mwaka wa 1793 wao wenyewe walimkata kichwa mfalme wao Louis wa 16, kisha mkewe, Marie Antoinette. Wazee wa Paris walikuwa wakiyakumbuka hayo, wala haikuwa rahisi kuyasema waziwazi. Kifo cha mgeni kiliwapa nafasi ya kulia.

Tena namna yenyewe ya kuchora ilikuwa mpya. Wakuu wa sanaa walikuwa wamefundisha tangu zamani kwamba picha kubwa ni za mashujaa wa kale na habari za dini, na mambo ya nyumbani ni ya picha ndogo. Delaroche na wenzake waliunganisha mambo hayo mawili: walichora wafalme na malkia kama watu wa kawaida, katika hofu yao na upweke wao, kwenye nguo yenye upana wa karibu mita tatu.

Basi, je, picha hiyo ni ya kweli? Sivyo kabisa. Jane aliuawa nje, mchana, wala si chumbani. Na habari za siku zile zasema alivaa nguo nyeusi. Mwanafunzi akijifunza tarihi kwa picha hiyo peke yake atapotea. Lakini ule mkono unaopapasa ni wa kweli. Imeandikwa kwamba alipokwisha kufungwa macho alilikosa gogo, akauliza afanyeje, liko wapi, hata mmoja wa waliosimama pale akamwongoza. Mimi namsamehe Delaroche chumba chake kwa ajili ya mkono ule.

Mwaka wa 1928 mto Thames ulifurika, maji yakaingia katika jumba la picha la Tate, London, ilimokuwamo. Wenyewe wakadhani imeharibika. Hata mwaka wa 1973 ilipatikana imekunjwa ndani ya picha nyingine iliyoharibiwa na maji yale yale, nayo yenyewe ilikuwa karibu nzima. Sasa imetundikwa katika jumba la National Gallery.