Mikono Ilitangulia, Miguu Ikafuata: Historia ya Kuogelea kwa Sisi wa Visiwani



Bibi harusi wa Ukerewe mara nyingi anavuka maji kwenda kwa mume. Akiolewa Mwanza atapanda meli hapa Nansio. Akiolewa Ukara atakwenda Bugolora kupanda kivuko. Tunamfunda, tunamsinga, tunampaka hina hadi kwenye viwiko, lakini akitumbukia ziwani hajui la kufanya. Na wenzetu wanaojaribu kujifunza hukwama pale pale: wakipiga miguu, mikono inasimama, wakikumbuka mikono, miguu inazama. Basi wanajiona wazito. Dada, dunia nzima ilihangaika na jambo hilo kwa miaka kama 60.

Mwaka 1844 Waojibwe wawili, wenyeji wa Amerika Kaskazini, waliogelea mbele ya watu jijini London. Walirusha mikono juu ya maji kama mapanga ya kinu cha upepo, huku miguu ikipiga juu na chini. Walikuwa na kasi, lakini Waingereza waliona ni fujo tu, wakabaki na mtindo wao wa chura. Mwaka 1873 John Trudgen, aliyejifunza kwa wenyeji wa Amerika Kusini, akaonyesha tena mikono ile. Safari hii watu wakaiga mikono, ila miguu ikabaki ya kukata maji kama mkasi. Kila mkasi ulipofunguka, mwendo ulipungua. Ndiyo hali ya mwanafunzi wa wiki ya pili!

Jibu lilitoka kisiwani, na hapo turuhusiwe kujivuna kidogo. Alick Wickham, kijana wa Visiwa vya Solomon aliyekuwa akiishi Sydney, Australia, aliogelea kama watu wa kwao: mikono ikizunguka, miguu ikipiga juu na chini. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1890. Ndugu wa familia ya Cavill, waogeleaji wakubwa wa mji huo, wakauchukua mtindo huo na kuutangaza. Walipiga mguu mmoja kwa kila mkono. Baadaye Charles Daniels wa Marekani akaongeza mapigo, na hesabu iliyozoeleka ikawa sita kwa mzunguko mmoja wa mikono yote miwili: matatu mkono wa kulia, matatu wa kushoto. Anayekwenda mbali hupunguza hadi mawili, mguu wa kushoto ukipiga mkono wa kulia unapoingia majini. Hesabu moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, kama unafuata dufu.

Sasa habari za wanawake. Mwanzoni mwa karne iliyopita, chama cha waogeleaji wanawake cha New South Wales, huko huko Australia, kilikataza wanachama wake kushindana mbele ya wanaume. Mkuu wao, Rose Scott, aliisimamia kanuni hiyo kwa nguvu, na ilipolegezwa mwaka 1912 akajiuzulu. Someni tena, hao hawakuwa Waislamu. Mwaka huo huo Fanny Durack wa chama hicho, aliyeacha miguu ya mkasi akajifunza upya mtindo wa Wickham, alishinda mita 100 kwenye Olimpiki ya Stockholm.  Na Gertrude Ederle, aliyelelewa na chama cha wanawake cha New York kilichoanzishwa 1917, alivuka mkondo wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza mwaka 1926 kwa saa 14 na nusu hivi. Alikuwa na umri wa miaka 20, na alimpita mwanamume mwenye rekodi kwa karibu saa mbili.

Karibu zaidi na sisi ni Nungwi, Unguja, ambako mradi wa Panje umewafundisha wasichana na wanawake kuogelea wakiwa wamevaa nguo za kufunika mwili mzima, hijabu kichwani. Picha zao, zilizopigwa na Anna Boyiazis, zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018.

Mwaka huo huo, tarehe 20 Septemba, MV Nyerere ilipinduka ikitoka Bugolora, mita chache kabla ya gati la Ukara. Walikufa zaidi ya watu 220. Hatusemi kuogelea kungewaokoa wote, kwani wengi walinaswa chini ya chombo. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba aliyekufa kwa kuzama ana daraja ya shahidi, na kwa hilo tunawaombea. Lakini waliosalimika walikuwa 41 tu, na gati lilikuwa linaonekana kwa macho.

Kwa hiyo mwali wetu aanze na dumu tupu la lita 20, kifuniko kimekazwa. Nungwi nao walitumia madumu. Alishike kwa mikono miwili, apige miguu kutoka nyongani, magoti yasikunjwe sana. Miguu ikishatulia, aachie mkono mmoja uzunguke kwa mapigo matatu, kisha mwingine. Dumu liondoke mwisho kabisa. Achague maji ya kifuani yasiyo na matete, maana kichocho kipo na mamba wapo, na asiingie bila mwenzake anayejua kuogelea. Suruali ya kubana kidogo na kanzu fupi vinatosha. Dera na mtandio mrefu vibaki ufukweni, vinakunja miguu na kuvuta mtu chini.