Kibao cha Zidakani

Katika nyumba moja ya mawe mjini Lamu, warithi waliokuwa wakisafisha zidaka za ukutani walikuta kibao cha mti, kimo chake sentimita 5, kimetobolewa katikati na kupitishwa uzi wenye mafundo manne. Wengi walinena kuwa ni zana ya uchawi, wakataka kichomwe moto. Nao walisononeka, kwa kuwa marehemu babu yao alisifika kwa ucha Mungu. Niliombwa nikitazame kabla hakijateketezwa.

Yafaa kupima kwanza, ndipo kunena. Kutoka kwenye kibao, mafundo yalikuwa mbali sentimita 30, 36, 45 na 60. Lau ungalikuwa uzi wa seremala au wa mshonaji, nafasi zingalilingana. Hizi hazikulingana, lakini zilikuwa na kanuni: 30 mara 6, 36 mara 5, 45 mara 4, na 60 mara 3, zote ni 180. Kanuni hiyo hupatikana pale kibao kinaposogezwa karibu na jicho ili pembe ikue kwa hatua zilizo sawa.

Hapo shaka iliondoka. Ni chombo cha manahodha, ambacho Waarabu walikiita kamal. Nahodha aliuma fundo, akaunyosha uzi, akaweka ukingo wa chini wa kibao kwenye upeo wa bahari, na ule wa juu ukagusa nyota ya kaskazini. Kipimo chake ni isba, yaani kidole. Ahmad ibn Majid, katika karne ya 15, alizihesabia bandari mahali pake kwa isba. Naye James Prinsep, mwaka 1836, aliikadiria isba moja kuwa digrii 1 na dakika 36. Mafundo yetu, basi, ni isba 3 hadi 6.

Lakini Lamu iko digrii 2 kusini ya Ikweta, na nyota hiyo haionekani huko. Kibao kilikuwa na kazi gani? Isba 3 hadi 6 ni takriban digrii 5 hadi 10 za kaskazini: pwani ya Somalia, kuelekea Ras Hafun. Mwenyewe alikwenda Arabuni kwa kusi, akarejea kwa kaskazi. Na kila usiku nyota ilivyozidi kushuka, ndivyo alivyojua kuwa kwao kumekaribia.

Kibao hakikuchomwa. Kutojua kwetu matumizi ya chombo si ushahidi juu ya mwenye chombo.