Kesi ya Stanley na Tippu Tip: Mamlaka ya Korti Unguja, 1887–1891

Mwezi wa Desemba 1889 Henry Morton Stanley, akiwa ametoka bara katika safari ya kumwokoa Emin Pasha, alifungua mashtaka mbele ya korti ya balozi wa Kiingereza mjini Unguja. Alidai pauni 10,000 kwa sababu ya kuvunjiwa mapatano. Mdaiwa alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, mashuhuri kwa jina la Tippu Tip, naye wakati huo yuko Kongo, safari ya miezi mingi kutoka pwani. Wengi walioandika habari za safari hiyo wameshughulika na swali la nani aliyekosa. Lakini liko swali linalotangulia hilo: korti ile ilipata wapi haki ya kusikiliza daawa hii?

Katika Unguja ya karne ya kumi na tisa hukumu haikufuata mahali, ilifuata mtu. Mkataba wa Sayyid Said na Marekani wa mwaka 1833 ulimpa balozi wa Kimarekani kuwaamua Wamarekani wagombanapo wao kwa wao. Mkataba wa Waingereza wa 1839 ulikwenda mbali zaidi. Raia wa Sultani akimdai Mwingereza, kesi ilisikilizwa na balozi; Mwingereza akimdai raia wa Sultani, ilikwenda kwa wakubwa wa Sultani, balozi akihudhuria. Kwa ufupi, mdai alimfuata mdaiwa kwenye korti yake. Hata katika baraza ya Sultani walikuwapo kadhi wa Kiibadhi na kadhi wa Kishafii. Neno mamlaka, ambalo asili yake katika Kiarabu ni ufalme, lingeweza kumpoteza msomaji wa leo: mipaka ya mamlaka hayo haikuchorwa juu ya ardhi, ilipita sokoni kati ya muuzaji na mnunuzi.

Mapatano yenyewe yalifanywa Unguja mwezi wa Februari 1887, mbele ya Holmwood aliyekuwa akikaimu ubalozi wa Kiingereza. Mambo yalikuwa mawili. Kwanza, Tippu Tip alikubali kuwa wali wa Maporomoko ya Stanley katika Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kwa mshahara wa pauni 30 kila mwezi. Pili, aliahidi kumpatia Stanley wapagazi 600 wa kwenda Ziwa Albert, kwa ujira wa pauni 6 kila mpagazi mwenye mzigo. Ilitumainiwa kwamba wangerudi na pembe za Emin. Baruti ya watu hao ilikuwa juu ya Stanley. Wapagazi walichelewa mno. Hata walipofika kambi ya Yambuya, mwezi wa Juni 1888, walikuwa kiasi cha 400 tu. Mwezi uliofuata Meja Barttelot, mkuu wa kikosi cha nyuma, aliuawa kwa risasi, na wengi wa wapagazi wakatawanyika.

Sasa na ipimwe haki ya kila korti. Stanley alizaliwa Wales, ila mwaka 1885 alikuwa amechukua uraia wa Marekani. Nayo safari iligharimiwa na kamati ya London. Tippu Tip alikuwa raia wa Sultani. Ikifuatwa kanuni ya mtu, basi daawa ilikuwa ya Sultani, ahesabiwe Stanley Mmarekani au Mwingereza. Ikifuatwa kanuni ya mahali pa kutimiza ahadi, njia ilielekea kwenye mahakama za Dola ya Kongo, huko Boma karibu na mlango wa mto, ambako mdaiwa mwenyewe alikuwa mtumishi wa serikali. Mahali pa kutia sahihi palikuwa Unguja, katika nyumba ya balozi. Lakini kushuhudia hati si kupata haki ya kuihukumu.

Njia aliyoiona Stanley haikupita kwa mtu wala kwa mahali, ilipita kwa mali. Jaffar Taria, tajiri wa Kihindi aliyekuwa wakili wa Tippu Tip mjini, alikuwa ameshika zaidi ya pauni 10,000 za dhahabu, fedha zilizolipwa na Dola ya Kongo kwa ajili ya pembe. Wahindi wa Unguja walikuwa chini ya himaya ya Kiingereza, na korti ya balozi ilikuwa na amri juu yao pasipo shaka. Stanley akaomba Jaffar azuiwe asiitoe fedha ile, naye akapewa amri hiyo. Hivyo korti isiyoweza kumgusa mwenye mali iliishika mali yake mkononi mwa mtu wa tatu. Kisheria ilikuwa hila nyepesi. Kwa mfanyi biashara ambaye mtaji wake wote ulikuwa mikononi mwa matajiri wa Kihindi, ilikuwa kama kufungwa mwenyewe.

Tippu Tip aliuelewa uzito wake. Hakutuma hoja kwamba korti haina mamlaka, ingawa hoja hiyo ilikuwa na nguvu. Aliondoka Kongo kwenda kujibu, na njiani akaugua. Jibu alilokuwa nalo lilihusu ahadi yenyewe: kwamba baruti aliyoahidiwa hakuipata, na asiyetimiza sharti lake hawezi kumdai mwenziwe. Alifika Unguja mwaka 1891, na baadaye mashtaka yakaondolewa pasipo hukumu. Kwa hiyo hakuna hakimu aliyepata kusema ni nani kati yao aliyeyavunja mapatano, wala kama korti ya balozi ilikuwa mahali pa kuliuliza swali hilo. Tippu Tip hakurudi tena Kongo. Alikaa Unguja hadi alipofariki mwaka 1905.