Fahamu Jinsi Penisilini Inavyodhoofisha Ukuta wa Bakteria

Penisilini ni miongoni mwa dawa za antibayotiki zilizookoa maisha ya watu wengi duniani. Iligunduliwa mwaka 1928 na mwanasayansi Alexander Fleming katika Hospitali ya St Mary's, London, Uingereza, baada ya kubaini kuwa ukungu uliomea katika sahani ya maabara ulizuia bakteria kukua karibu nao. Mwaka 1945 Fleming alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Howard Florey na Ernst Chain, walioiendeleza hadi ikawa dawa ya kutibu binadamu.

Bakteria walio wengi huzungukwa na ukuta imara wa peptidoglaikani, yaani nyuzi za sukari zilizofungamanishwa kwa minyororo mifupi ya asidi amino mithili ya wavu. Ukuta huo ndio unaohimili shinikizo la maji lililomo ndani ya seli.

Bakteria anapokua, hukata baadhi ya viungo vya wavu huo ili kupachika vipande vipya, kisha vimeng'enya maalumu huvifunga. Penisilini hunasa katika vimeng'enya hivyo na kuvizuia kufanya kazi. Ukataji huendelea ilhali ufungaji umesimama. Ukuta hudhoofika, maji huingia na hatimaye seli hupasuka. Kwa sababu hiyo, dawa hii huwaathiri zaidi bakteria wanaokua na kugawanyika kuliko waliotulia.

Seli za binadamu hazina ukuta wa aina hiyo, hivyo penisilini haizipasui, ingawa baadhi ya watu hupata mzio mkali unaoweza kuhatarisha maisha. Virusi navyo havina ukuta huo. Ndiyo maana dawa hii haitibu mafua.

Hata hivyo, baadhi ya bakteria hutengeneza kimeng'enya kiitwacho penisilinasi kinachovunja dawa, na wengine hubadili vimeng'enya vyao ili dawa isinase. Matumizi holela huua bakteria dhaifu na kuwaacha walio sugu wazaliane. Fleming mwenyewe alitahadharisha kuhusu hatari hiyo katika hotuba yake ya Nobel.

Ili dawa hizi ziendelee kutibu, mwananchi anapaswa kutumia antibayotiki kwa maelekezo ya mtaalamu wa afya pekee, kuzingatia dozi na siku alizopangiwa, kutogawana dawa na mtu mwingine, na kumweleza mtaalamu iwapo amewahi kupata mzio.