Goti la Chuma na Kipimo cha Nafasi



Tarawehe zikianza, viti vya plastiki huongezeka kwenye safu za misikiti yetu, Thika na Ruiru pia. Wanaovikalia wengi ni wazee wetu, babu na nyanya, ambao magoti yao yamechoka: ile gegedu laini inayofunika ncha za mifupa imelika, sasa mfupa unasagana na mfupa. Kusimama wanaweza, kurukuu kwa shida, lakini kusujudu na kukaa tahiyatu ndiyo kazi. Ruhusa ya kuswali mtu amekaa ipo, alhamdulillahi. Ila vijana huuliza, si siku hizi kuna goti la chuma? Lipo. Lakini lilichukua miongo mingi kufaulu, na sehemu kubwa ya kufaulu kwake ilitokana na vifaa vidogo vya kupimia ambavyo mgonjwa havioni.

Tukitaja vifaa vya upasuaji, jina la Abul Qasim al-Zahrawi wa Andalusia lazima litajwe. Katika kitabu chake At-Tasrif, kilichokamilika karibu mwaka 1000, alichora vifaa kama 200 pamoja na maelezo ya matumizi yake, ili fundi wa mji mwingine aweze kuvitengeneza. Karne ya 12 Gerard wa Cremona akaifasiri kwa Kilatini ile sehemu ya upasuaji. Hata hivyo tusije tukadai kila kitu. Al-Zahrawi hakubadilisha goti la mtu. Alichotuachia ni ile desturi ya kuchora kifaa na kueleza kinavyotumika.

Goti la bandia lenyewe lilianza Berlin mwaka 1890. Daktari Themistocles Gluck alichonga bawaba kwa pembe ya ndovu akaiweka kwenye goti lililoharibiwa na kifua kikuu cha mifupa. Enzi hizo pembe zilikuwa zikitoka bara hadi Zanzibar kwa mabega ya wapagazi, zikauzwa ng'ambo kwa vifungo na vinanda. Magoti ya Gluck yaliharibika kwa usaha, na jambo likalala kwa miaka mingi.

Miaka ya 1950 Walldius wa Sweden na Shiers wa Uingereza walirudi na bawaba tena, safari hii za chuma. Kwa macho ni sawa, maana goti linakunjika kama mlango. Lakini jaribu mwenyewe ukiwa umekaa: kunja goti, kisha zungusha wayo ndani na nje. Umeona? Muundi nao unazunguka kidogo. Bawaba haizunguki, kwa hiyo kila msokoto wa mwendo ulikwenda kwenye shina la chuma lililopigiliwa ndani ya mfupa, na baada ya muda likalegea.

Mwaka 1962 John Charnley, katika hospitali ya Wrightington kule Uingereza, alianza kutumia plastiki ngumu ya polithilini pamoja na simiti ya mifupa kwa nyonga. Frank Gunston kutoka Canada akafanya kazi hapohapo, na mwaka 1968 akaweka goti lisilo na bawaba. London nako, daktari Michael Freeman akaungana na mhandisi Swanson wa Imperial College, na goti lao likaanza kutumika mwaka 1970. Lao lilikuwa kofia ya chuma kwenye mfupa wa paja, ikiteleza juu ya sahani ya plastiki kwenye muundi. Hakuna kilichoziunganisha.

Sasa nini kinazizuia zisiachane? Ni kano za pembeni, moja upande wa ndani wa goti na moja upande wa nje. Kano zikikazwa sawasawa, goti linatulia. Hapo ndipo lilipozuka swali la nafasi. Daktari akishakata ncha za mifupa hubaki pengo, na pengo hilo lijazwe kwa unene gani?

Fundi wa magari pale Ruiru analielewa jambo hili kuliko wengi wetu. Akiseti tapeti hachungulii tu akasema ni sawa. Anachomeka fila, kile kibati chembamba chenye namba. Akikaza mno, valvu haifungi na huungua. Akilegeza mno, injini inagonga. Goti nalo likikazwa mno halikunjiki na linauma, likilegea linayumba na plastiki inalika upesi. Tofauti ni kwamba goti hupimwa mara mbili, likiwa limenyooka na likiwa limekunjwa nyuzi 90, na mapengo yote mawili yanatakiwa yalingane. Tena pengo liwe mstatili, lisiwe pana upande mmoja kama kabari.

Freeman na wenzake walibuni vifaa vya kazi hiyo miaka ya 1970. Kimoja ni kipande cha chuma cha unene unaojulikana. Unakichomeka kwenye pengo huku goti limenyooka, halafu unakunja unakijaribu tena. Kingine kina makanyagio mawili yanayotanuliwa polepole mpaka kano zikaze, ndipo daktari akasoma upana. New York nako John Insall na wenzake, waliotoa goti lao mwaka 1974, waliisisitiza sana kanuni ya mapengo mawili kulingana. Pengo likibana kotekote, muundi unapunguzwa kidogo zaidi. Likibana goti likinyooka tu, anayekatwa ni mfupa wa paja. Plastiki zenyewe hupishana unene kwa milimita moja au mbili, basi hapo hakuna nafasi ya kukisia. Siku hizi kuna hata vipimo vya elektroniki, ila kile kipande cha chuma bado kipo mezani.

Turudi kwenye tahiyatu. Magoti mengi ya bandia hukunjika nyuzi 110 hadi 120, na kukalia visigino kunataka zaidi ya 140. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni zilileta magoti yaliyochongwa yakunjike zaidi, zikiwalenga watu wa Asia na Mashariki ya Kati wanaokaa chini. Yalipolinganishwa na ya kawaida, tofauti ilikuwa ndogo. Kwa hiyo mzee akitoka Kikuyu au Nairobi na goti jipya huenda kiti cha plastiki bado kikamngoja. Atakachopata ni kutembea hadi msikitini bila maumivu, na kwangu mimi hilo si dogo. Familia imwambie daktari mapema, kabla ya kisu, kwamba mzee anaswali chini.

Hapa Afrika Mashariki ubunifu wa aina hii si mgeni. Miaka ya 1960 Ronald Huckstep, daktari wa Mulago kule Uganda, aliwatengenezea watoto wa polio vyuma vya kushikilia miguu kwa nondo na ngozi, katika karakana za palepale, kwa bei ambayo mzazi wa kijijini angeiweza. Katikati ya Ruiru na Thika, pale Juja, vijana wanasomea uhandisi JKUAT, na Thika ni mji wa viwanda. Kipande cha chuma cha kupimia pengo la goti kinaweza kuchongwa kwa mashine ya leth. Ugumu uko kwenye aina ya chuma kisichoshika kutu kikichemshwa mara mia, usahihi wa milimita, na kibali cha Bodi ya Famasia na Sumu.