Visiwa vya Lamu na Makonde ya Bara

Wengi walioandika juu ya historia ya visiwa vya Lamu wameanza na bahari. Wametueleza habari za majahazi yaliyokuja na kaskazi na kurudi na kusi, za vyombo vya kaure kutoka Uchina, za pembe na boriti, na za majumba ya mawe yaliyojengwa kwa faida ya biashara hiyo. Habari hizo ni za kweli, na magofu yanazishuhudia. Hata hivyo zimeliacha swali moja bila jibu la kutosha: watu wa miji hiyo walikula nini? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kwa muda mrefu kisiwa katika sehemu hizi kilikuwa nusu tu ya makao ya watu. Nusu ya pili ilikuwa ng'ambo ya mkondo, katika makonde ya bara. Aidha tutajaribu kuonyesha kuwa sehemu ya ushahidi wa jambo hili imo katika lugha yenyewe.

Visiwa vikubwa ni vitatu: Amu, Manda na Pate. Kaskazini yake vipo Ndau, Kiwayuu na vingine vidogo, na mlolongo huo wa visiwa vya Wabajuni huendelea hadi karibu na Kismayu katika nchi ya Somalia. Baina ya visiwa na bara kuna mikondo myembamba iliyozungukwa na mikoko, na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya imo katika eneo hili. Vyombo vidogo hupita humo maji yanapojaa; yanapokupwa, nahodha hana budi kungoja. Kwa hiyo bara si mbali. Mtu aliyesimama katika ufuo wa Manda huiona miti ya upande wa pili.

Taabu kubwa ya visiwa hivi tangu zamani ni maji ya kunywa na ardhi ya kulima. Mji wa Amu huyategemea maji yaliyo chini ya machungu ya mchanga ya Shela. Kisiwa cha Manda kina uhaba mkubwa wa maji matamu, na mji wa Takwa uliokuwako huko ulihamwa yapata mwisho wa karne ya 17. Watu wa Shela huuhesabu mji huo kuwa ni asili yao, na wamekuwa na desturi ya kwenda kuzuru kaburi lililoko huko na kuomba mvua. Huko Pate na Ndau watu wamejenga majabia ya kukingia maji ya mvua. Ardhi nayo ni mchanga na mawe ya matumbawe. Mnazi husitawi, na tumbaku ya Pate ina sifa, hata hulimwa katikati ya kuta za magofu ya mji wa kale. Lakini nafaka ya kuilisha miji mitano au sita haikuweza kutoka humo.

Na miji hiyo haikuwa ya jana. Uchimbuzi uliofanywa na Mark Horton huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, katika miaka ya 1980 umeonyesha kuwa watu walikaa hapo tangu karne ya 8, na kwamba mji huo uliachwa mwanzoni mwa karne ya 15. Baadaye kila mji ulijulikana kwa kazi yake. Wareno walizitaja nguo zilizofumwa Pate. Siu ilisifika kwa mafundi wa ngozi na mbao, na kwa waandishi walionakili misahafu kwa hati nzuri. Matondoni ni mji wa waunda vyombo. Wafumaji, waandishi na waundaji hao wote walihitaji chakula ambacho wao wenyewe hawakukilima.

Chakula hicho kilitoka bara. Watu wa Amu walikuwa na mashamba yao katika sehemu za Hindi, Hongwe na Mkunumbi. Watu wa Pate, Siu na Faza pamoja na Wabajuni walivuka kwenda kulima katika sehemu za kaskazini. Msitu ulifyekwa, ukachomwa moto, ukapandwa kwa misimu kadhaa, kisha ukaachwa upumzike na wakulima wakasogea mbele. Mazao yalipokaribia kuiva watu walikesha madunguni kuwafukuza ndege na wanyama. Katika karne ya 19 kilimo hiki kilikuwa kikubwa mno: mtama na mahindi kwa chakula, pamba na ufuta kwa biashara, na ufuta huo ulisafirishwa kupitia Unguja hata kufika Ufaransa. Marguerite Ylvisaker, katika kitabu chake juu ya Lamu kilichotoka mwaka 1979, alikwisha kuonyesha jinsi ardhi ya bara ilivyokuwa msingi wa mali na siasa za visiwa hivi katika karne hiyo.

Hatuna budi kusema wazi kwamba sehemu kubwa ya jasho lililomwagika katika makonde hayo ilikuwa ya watumwa. Mashamba makubwa ya ufuta hayakulimwa na wenye majumba ya mawe. Wengi katika watumwa hao walitoroka, wakaanzisha makao yao msituni au wakakimbilia Witu, ambako Ahmed Simba wa ukoo wa Nabahani alikuwa amejiwekea utawala katika miaka ya 1860, baada ya Pate na Siu kuingia mikononi mwa Sultani wa Unguja. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba mfalme aliyenyang'anywa kisiwa alijua pa kwenda. Alihamia bara, kwenye ardhi iliyokuwa ikiwalisha watu wa kisiwani.

Sasa na tuitazame lugha. Wabajuni huitwa pia Watikuu, na lahaja yao Kitikuu. Jina hilo hufasiriwa kuwa limetokana na "nti kuu", yaani nchi kuu, maana yake bara. Basi watu ambao leo tunawahesabu kuwa ni wa visiwani na wavuvi kwa asili wanachukua jina la nchi kavu. Kadhalika, katika ushairi wao kuna bahari mbili zinazosimama pamoja. Ya kwanza ni kimai, ambayo ni nyimbo za bahari na za wavuvi. Ya pili ni vave, ambayo ni nyimbo za wakulima, ziimbwazo usiku wa kuamkia siku ya kuuchoma moto msitu uliofyekwa. Wataalamu wa fasihi wamezitaja zote mbili, lakini mara nyingi kama mifano ya tungo za kale tu. Sisi twaona kuwa kuwapo kwake pamoja ni habari ya kihistoria: jamii iliyotunga kimai na vave ilikuwa na kazi mbili, na ilizipa zote mbili heshima ya ushairi.

Kupotea kwa makonde hayo kulikuja kwa hatua. Mwaka 1907 hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani ya Kenya. Ilikuwa haki, na ilikuja kwa kuchelewa. Lakini mashamba makubwa yalikosa watu wa kuyalima. Mwaka uliofuata, 1908, ilitungwa sheria ya hati za ardhi iliyowataka wenye madai ya ardhi katika pwani wayathibitishe, na ardhi isiyothibitishwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Kwa wakulima waliohama kutoka konde hadi konde, sheria hiyo ilikuwa na hatari ya pekee, kwa sababu konde lililopumzishwa, machoni pa mpima ardhi, ni msitu usio na mwenyewe. Kisha vikaja vita vya Shifta, kuanzia mwaka 1963 hadi 1967. Vijiji vingi vya Wabajuni katika bara vilihamwa, na watu wakakimbilia visiwani, Malindi na Mombasa. Wengi hawakurudi. Katika miaka ya 1970 serikali iliwapa walowezi kutoka sehemu nyingine za Kenya mashamba katika mpango wa Ziwa Kenyatta, Mpeketoni. Walowezi hao walikuwa nao ni watu wasio na ardhi, na hatuwalaumu. Lakini mkulima wa kisiwani aliona nchi aliyoizoea ikigawiwa kana kwamba haikuwa na historia.

Hivyo kisiwa kikabaki na bahari peke yake, na bahari nayo ikaanza kuwa finyu. Mwaka 1982 usafirishaji wa boriti za mikoko kwenda nchi za nje ulipigwa marufuku. Mwaka 2012 ilizinduliwa kazi ya bandari mpya katika ufuo wa bara, na gati la kwanza lilifunguliwa mwaka 2021. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyowapata. Mahakama ilimtazama mvuvi kwa sababu uvuvi wake ulionekana. Konde lililoachwa wakati wa vita halikuwa na wa kulionyesha.

Hapo ndipo kazi ya mwanafunzi wa lugha inapoingia. Lahaja za kaskazini zina neno "mahame", yaani mahali palipohamwa. Mahali penye mahame palikuwa na watu, na watu walipaita kwa jina. Majina ya makonde na ya vijiji hivyo, maneno ya kufyeka, kupanda na kuvuna, na tungo za vave, vyote vimo katika vinywa vya wazee waliolima bara kabla ya mwaka 1963, nao wamebaki wachache. Kamusi na mikusanyo yetu imeyajali zaidi maneno ya chombo na ya bahari. Yafaa sasa watafiti wavuke mkondo pamoja na wazee hao, wayaandike majina hayo mahali penyewe, na kueleza nani alilima wapi. Kazi hiyo itamfaa mwanahistoria na mwanaisimu, na yamkini itawafaa pia wale wanaoambiwa kwamba babu zao hawakuwa na ardhi.