Wikendi Kisumu: Lala Otonglo, Amka na Wavuvi

Wasee wengi wakifika Kisumu wanashuka tao, wanakula samaki, wanapiga picha jua likizama, kesho yake wako kwa basi ya Nai wakisema wameimaliza Kisumu. Hujamaliza, mtu wangu. Hata hujaanza. Raha ya Kisumu iko nje, na mambo ya nje huku yanafuata saa ya ziwa.

Ndio maana nakuambia tafuta keja ya kulala Otonglo. Iko barabara ya Busia, ukishapita uwanja wa ndege. Jina lenyewe kwa Kijaluo ni mambo ya doo, so usishangae kijana akilitaja huku akikunyooshea mkono. Mbele kidogo ni Kisian, na hapo barabara inagawanyika. Moja inapanda Maseno, ambapo unavuka ikweta ukiwa ndani ya mathree. Ingine inaenda Bondo, na hiyo ndio ya Kit Mikayi.

Lakini anza na maji, ju hapo ndio watu hukosea. Asubuhi ziwa huwa limetulia. Mchana upepo unaamka, na boti ndogo inaanza kurushwa. Kama form ni Dunga, toka Otonglo giza likiisha, panda mathree ya tao, kisha nduthi mpaka ufuoni. Utapata wavuvi wakirudi na akina mama wakipigania bei ya ngege na mbuta. Salimia kwanza: "Oyawore" ni ya asubuhi. Ukianza na kuuliza bei kabla ya salamu, bei utakayopewa itakuwa ya mgeni.

Dunga kuna kinamasi cha mafunjo, na kijia cha mbao cha kuingia ndani bila kulowa. Watu wa ndege huja kutafuta wale wanaoishi kwa mafunjo tu, na ndani huko kuna nzohe, swala anayependa maji kuliko nchi kavu. Ukitaka viboko, chukua boti. Hippo Point, licha ya jina, wengi huenda kuangalia jua.

Sasa hapa nisikize vizuri. Kabla hujakanyaga boti, vaa laifu jaketi na uifunge. Usiikalie, na usikubali kuambiwa iko hapo chini tukiihitaji. Kama hakuna, shuka. Hakuna picha ya kuposti yenye thamani hiyo. Pia muulize nahodha kuhusu gugumaji, ju upepo ukigeuka linaweza kuziba njia ya kurudi mkiwa huko ndani. Na usiingie maji kuogelea ati ni kama Pirates ya Mombasa. Hii ni maji baridi, ina kichocho, na kiboko hapigi honi. Kama uliingia zamani na hujawahi kupimwa, pitia hospitali. Dawa ipo.

Jua likiwa kali rudi kwa kivuli. Impala Sanctuary, iliyotengwa 1992, iko karibu na tao, na kwa maoni yangu hiyo ndio bustani ya kweli ya Kisumu: miti mikubwa, nyasi, swala wakila kama huwahusu. Lipa mapema kupitia eCitizen, usije na noti mkononi ukakwama langoni. Jumba la makumbusho lilifunguliwa 1980, na kuna boma zima la Kijaluo limejengwa nje, utembee ndani.

Historia ya tao yenyewe ni fupi lakini tamu. Reli ilifika ziwani Desemba 1901, na mahali hapa wazungu wakapaita Port Florence, jina la mke wa mhandisi Preston. Wakati huo upande huu ulikuwa bado unahesabiwa Uganda, so ile "reli ya Uganda" kweli ilifika Uganda. Mnara wa saa ulio Oginga Odinga Street uliwekwa 1938 na watoto wa Kassim Lakha kumkumbuka baba yao.

Siku ya pili ni ya Kit Mikayi. Ni mawe makubwa yaliyopandiana, kama mita 40 kwenda juu. Jina ni jiwe la mke wa kwanza: hadithi inasema mzee mmoja alilipenda jiwe mpaka akawa anashinda hapo siku nzima, mkewe akimletea chakula, na watu wakiuliza aliko wanaambiwa ameenda kwa mikayi wake. Watu huja kufunga na kuomba hapo, so zima spika yako. Vaa viatu vya kushika, mvua ikinyesha mawe yanateleza vibaya.

Ukirudi jioni, shuka Otonglo. Agiza kuon na omena, na kama unataka nduthi ya kukufikisha kwa keja, mkubaliane bei kabla hujapanda.